Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Neno juu ya Bastola Isemwayo Kuwa ya Kuaminika

Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa Halmashauri ya Walei,

Tumeletewa barua. Mwanaparokia mwenzetu, mfanyabiashara wa nafaka ambaye wengi wenu mnamfahamu na ambaye hatutamtaja, ameiomba Kamati ya Haki na Amani imwandikie hati ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa tabia njema, apate kuiambatanisha na maombi yake ya leseni ya bastola. Ameporwa mara mbili katika muda wa mwaka mmoja, mara ya pili akiwa na mkewe, na kovu lake juu ya sikio bado ni bichi. Hakuja kwetu kwa majivuno. Alikuja kama mtu aliyechoka kuogopa.

Tulipomwuliza kwa nini bastola na si jambo jingine, alitupa jibu ambalo ndilo limetusukuma kuandika kurasa hizi. Alisema kwamba aliyoonyeshwa ni ya kuaminika, kwamba Wamarekani wenyewe huibeba kiunoni kila siku chini ya shati, na kwamba haigomi. Tazameni jinsi shauri lilivyogeuka! Sisi tuliombwa tumdhamini mtu. Yeye akaanza kuidhamini bastola.

Basi hatuna budi kulikalia neno hilo, kuaminika. Na maadamu ushahidi wake umetafutwa Marekani, na twende huko huko Marekani, tuutazame wote, si nusu yake.

Hakuna nchi iliyokijaribu chombo hiki kwa mapana kama ile. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali cha kubeba silaha iliyofichwa kila mwombaji aliyetimiza masharti yaliyoandikwa, na majimbo mengi yakafuata. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka New York, iliamua kwamba kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa hayamdai mtu mzima kibali chochote. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya nadharia. Jaribio limekwisha kufanywa, na matokeo yake yameandikwa.

Tuwatendee haki wabebaji wa huko: wengi wao hawafanyi mzaha. Wanajua jambo ambalo muuzaji hakumwambia ndugu yetu, yaani kwamba bastola ndogo ya kufichwa ni mashine yenye madeko. Risasi moja inapotoka, nguvu yake hukirudisha nyuma kipande cha juu cha bastola. Ganda tupu hutupwa nje. Springi hukirejesha kipande mbele, nacho huisukuma risasi mpya ndani ya mtutu. Yote haya hutendeka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kadiri bastola inavyopunguzwa ili ifichike, ndivyo springi yake inavyokuwa ngumu na nafasi ya vipande kwenda na kurudi inavyokuwa fupi. Anayeishika kwa kiganja kilicholegea, kama mtu aliyeumizwa au anayetetemeka, aweza kuifanya ikwame baada ya risasi ya kwanza. Jasho la kiunoni huleta kutu. Nyuzi za nguo na vumbi huingia ndani. Springi ya magazini huchoka. Fataki ya risasi iliyolowa mafuta huenda isiwake. Ndiyo maana wabebaji makini hushauriana kupiga kwanza risasi 200 au zaidi, za aina ile ile watakayoibeba, kabla ya kuikabidhi bastola maisha yao. Na hata baada ya hapo huisafisha na kuijaribu tena na tena, kama fundi wa saa.

Tulimwuliza ndugu yetu amepiga risasi ngapi. Hajapiga hata moja. Tukamwuliza atazipiga wapi hizo 200, na kwa fedha gani. Alinyamaza. Sifa ya "haigomi" aliipata kwa muuzaji, naye muuzaji, kama kawaida ya wauzaji, aliipata kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Lakini tusikawie sana hapo, kwa sababu kukwama si ubaya mkubwa wa bastola. Tunathubutu kusema kwamba ni ubaya wake mdogo kuliko yote.

Bastola hutakiwa kuaminika mara mbili: ifyatuke inapotakiwa, na isifyatuke isipotakiwa. Mambo haya mawili huvutana. Kifyatulio kikiwa chepesi, anayekivuta hulenga vizuri zaidi, ila kidole chenye hofu hukivuta kabla akili haijaamua. Kikiwa kizito, ajali hupungua, ila mkono huyumba na risasi hupotea. Idara ya polisi ya jiji la New York kwa miaka mingi iliwadai askari wake vifyatulio vya uzito wa ratili 12, yaani kilo tano na nusu hivi, zaidi ya maradufu ya vile vya kawaida katika bastola za aina hiyo, kwa kuogopa risasi zisizokusudiwa. Nao wakosoaji wakalalamika kwamba uzito huo unaharibu shabaha. Wataalamu wanabishana hata leo. Mashine ya kuua inayofyatuka kwa urahisi kwa mwenye haki na kwa shida kwa mwenye papara haijabuniwa, wala hatuoni itakavyobuniwa.

Mwaka 2017 ilionekana kwamba bastola iitwayo P320, ya kampuni ya SIG Sauer, ikianguka kwa pembe fulani yaweza kufyatuka yenyewe. Mwezi Agosti wa mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba itazirekebisha bila malipo kwa kila mwenye nayo atakayeileta. Baada ya marekebisho hayo yalikuja mashtaka mengine: watu, wakiwemo askari polisi, walidai kwamba bastola hizo zimefyatuka zikiwa ndani ya ala zake bila kifyatulio kuguswa. Kampuni inakana, nayo imeshinda baadhi ya kesi. Hata hivyo mwaka 2024 mabaraza mawili ya wazee wa mahakama, moja katika jimbo la Georgia na jingine Pennsylvania, yaliamua kwamba walalamikaji walipwe fidia. Sisi si mafundi wala mahakimu, hatuamui ugomvi huo. Tunachotaka mkione ni hiki: Marekani inayo tume ya serikali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, yenye uwezo wa kuamuru kitanda cha mtoto au jiko bovu liondolewe sokoni. Bastola na risasi, sheria imeikataza tume hiyo kuzigusa. Hakuna mamlaka ya shirikisho yenye uwezo wa kumwamuru mtengenezaji azirudishe bastola zake mbovu. Sufuria ina mlinzi wake serikalini, bastola haina. Na hiyo ndiyo nchi tunayoambiwa imekwisha kutuhakikishia ubora wa kitu hiki!

Sasa tuje kwa mkono unaoishika. Askari wa New York hufunzwa, hulipwa, hupimwa. Uchunguzi uliofanywa juu ya mapambano yao kati ya mwaka 1998 na 2006 ulionyesha kwamba walipokuwa wakirushiana risasi na mtu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata aliyelengwa; na hata pale ambapo mtu huyo hakujibu kwa risasi, walimpata kwa asilimia 30. Zilizobaki zilikwenda wapi? Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walimkabili mtu aliyekuwa ametoka kumwua mwenzake. Walipiga risasi 16. Mtu huyo alikufa, na wapita njia tisa wakajeruhiwa, wote kwa risasi za askari au vipande vyake. Bastola za askari hao hazikugoma hata kidogo. (Petro naye, usiku ule bustanini, alikuwa na upanga usio na kasoro, na alichopata ni sikio.)

Mtatuambia kwamba tumechagua mifano inayotufaa. Basi na tuuchukue ule usiotufaa, ambao ndugu yetu mwenyewe alituonyesha katika simu yake.

Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa moja la mji wa White Settlement, jimbo la Texas, mtu mmoja alisimama katikati ya ibada, akatoa bunduki aliyoificha na kuua waamini wawili. Ndani ya sekunde sita hivi tangu risasi yake ya kwanza, mwamini mwingine wa kikosi cha ulinzi cha kanisa alimpiga risasi moja tu, na ikaisha. Sheria ya Texas iliyowaruhusu wenye vibali kubeba silaha makanisani, makanisa yenyewe yasipokataza, ilikuwa imeanza kazi mwezi Septemba uleule. Hatukatai kwamba mtu yule aliokoa watu. Angekuwa ni baba yetu aliyeketi kwenye benchi lile, tungemshukuru mpaka leo.

Lakini tazameni kanda yenyewe hadi mwisho. Aliyepiga risasi ile hakuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyenunua bastola wiki iliyopita. Alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha, mwenye uwanja wake wa mazoezi, aliyewahi kuwa askari wa akiba wa kaunti. Na mmoja wa wale wawili waliouawa alikuwa mwenzake katika kikosi kile kile cha ulinzi, mwenye bastola yake, aliyepigwa wakati akijaribu kuichomoa kutoka nguoni. Bastola zao mbili za kuaminika zilikuwa kanisani humo dhidi ya mtu mmoja. Ile ya pili haikupata nafasi ya kuonyesha uaminifu wake. Wanaotusimulia habari hii hutusimulia habari ya yule mmoja, na maiti ya mwenzake wanairuka kama dimbwi.

Tumefika kwenye kiini cha neno letu. Lugha yetu hutumia shina moja kwa mambo mawili: twasema chombo hiki ni cha kuaminika, na twasema mtu huyu ni mwaminifu. Muuzaji hufaidika na ukaribu huo. Hutuuzia la kwanza tukidhani tumenunua la pili. Mtu mwaminifu ni yule anayeweza kukataa. Mtunza hazina wetu ni mwaminifu kwa sababu akiombwa fedha na asiyestahili atasema hapana, hata kama mwombaji ni paroko. Mbwa mwaminifu hatamng'ata mtoto wa nyumbani kwa kuamriwa na mwizi. Bastola haikatai. Haiulizi kidole ni cha nani. Haina uaminifu hata chembe. Ilicho nacho ni utii, na utii wake ni kwa kila mtu. Kadiri ilivyotengenezwa vizuri, ndivyo inavyomtii yeyote kwa haraka zaidi.

Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka kubwa huko Hayden, jimbo la Idaho, mama wa umri wa miaka 29 alikuwa akifanya manunuzi pamoja na watoto. Alikuwa mwanasayansi, mwenye kibali halali, aliyezoea silaha. Bastola yake ilikuwa katika mkoba uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, wenye mfuko wake wa zipu. Mkoba huo ulikuwa zawadi ya Noeli kutoka kwa mumewe. Mtoto wake wa kiume, wa miaka miwili, alikuwa ameketi ndani ya kitoroli cha duka. Alifungua mfuko ule. Mama alikufa pale pale.

Mtafuteni mwenye kasoro katika habari hiyo. Bastola haikukwama, fataki iliwaka, springi ilikuwa nzima. Kwa kipimo cha muuzaji, chombo kile kilistahili sifa zote.

Na si watoto tu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua wenyewe. Hapa ndipo kuaminika kwa bastola kunapotisha kuliko mahali pengine popote. Wengi wanaojaribu kujiua kwa njia nyingine huokolewa, na wengi waliookolewa hawarudii; lakini kati ya wanaotumia bunduki au bastola, tisa hivi katika kila kumi hufa. Saa moja ya giza moyoni, ambayo ingepita kama nyingine zilivyopita, hukuta chombo kisichogoma. Tunawaomba viongozi wa jumuiya, mnaowajua watu wenu usiku na mchana, mjiulize ni wangapi kati ya wanaume wenye biashara na madeni mngewaacha peke yao na chombo cha namna hiyo katika mwezi mbaya.

Tena huibwa. Kati ya mwaka 2017 na 2021 silaha zaidi ya milioni 1 ziliripotiwa kuibwa nchini humo, karibu zote kutoka kwa watu binafsi. Kila moja ilinunuliwa na mtu aliyesema ataitunza, na sasa humtii aliyeiiba.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaruhusu raia kupata leseni kwa masharti, na hatusemi kwamba kila mwenye leseni ni mhalifu. Tunasema juu ya nyumba tunazozijua. Vyumba viwili, watoto watano, mpwa aliyekuja kutafuta kazi, msichana wa kazi anayefua nguo na kupekua mifuko kabla ya kuloweka, kabati lisilo na kufuli. Bastola itakaa wapi baba akioga? Itakaa wapi siku ya harusi, baada ya chupa ya tatu? Itakaa wapi siku ambayo yeye na mkewe wamegombana hadi majirani wakaitwa? Mkewe, tulipokwenda kumwona, hakuulizwa na mtu yeyote kama anaitaka ndani ya nyumba. Alituuliza sisi swali moja: "Sasa wakija, watakuja wawili au watakuja sita?"

Swali hilo lina hekima kuliko karatasi zote za muuzaji. Katika mtaa wetu hakuna siri ya bastola. Huko Marekani, katika mji wa wageni, huenda mtu akaificha chini ya shati na jirani asijue. Hapa kwetu fundi cherehani aliyeipanua suruali atajua, kinyozi atajua, na wiki haitaisha kabla ya sokoni kujua. Na majambazi, ambao bastola ni mtaji wa kazi yao, watakuwa na sababu mpya ya kumfuata: si fedha ya mahindi tena, ni bastola yenyewe. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakiwa wanafikiri juu ya chawa.

Tunayo pia ya kusema na sisi wenyewe, viongozi. Barua za "tabia njema" tumekuwa tukizitoa kama pipi. Kijana anaomba kazi, tunaandika. Mtu anaomba mkopo, tunaandika, hata yule ambaye hatujamwona kanisani tangu ubatizo wa mtoto wake. Mihuri yetu imezoea wino kuliko ukweli. Kwa kazi na mkopo, kosa letu laweza kurekebishwa. Kwa bastola, je? Tunathibitisha nini hasa? Kwamba mtu huyu hatalewa kwa miaka 20 ijayo? Kwamba hatafilisika? Kwamba mtoto wake mdogo hatajifunza kufungua zipu? Sisi hatuyajui hayo, na kuandika tusiyoyajua juu ya uhai wa watu ni ushahidi wa uongo, hata kama mwandiko ni mzuri.

Wengine katika kamati walitubishia vikali, na tunaandika hoja yao kwa sababu ina nguvu: ninyi mnamnyima barua, je, mtampa nini? Polisi wako mbali, taa za barabarani zimekufa, na risala yetu ya kuomba doria ya usiku haijajibiwa. Kumwambia mtu aliyepigwa panga asijilinde, kisha kwenda kulala, ni unafiki wa watu walioshiba. Hoja hiyo tuliikubali yote. Kwa hiyo kikao hakikuishia kwenye kukataa.

Tuliamua mambo mawili. Kwanza, tangu sasa kamati hii haitatoa barua ya kumdhamini mwombaji wa bastola, awe nani. Na tunazisihi jumuiya zifanye vivyo hivyo. Pili, siku za mnada, fedha za wafanyabiashara wa parokia zisibebwe na mtu mmoja wakati wa giza. Mauzo yafungwe saa kumi, kinachoweza kulipwa kwa simu kilipwe kwa simu, na kinachobaki kipelekwe kwa wakala mchana kwa kusindikizwa na watu wanne wa jumuiya, kwa zamu, orodha ikae kwa mwenyekiti. Risala ya taa na doria tutaipeleka tena kila mwezi, tukiwa na nakala ya ile ya kwanza, mpaka ofisi ichoke kutuona.

Ndugu yetu hakufurahi. Alituambia kwamba watu wanne wenye fimbo ni mzaha mbele ya panga, na huenda ana haki ya kusema hivyo kuliko sisi. Jumamosi iliyopita, hata hivyo, alifunga ghala saa kumi. Alitembea katikati yao bila kusema neno, mkono mmoja juu ya mfuko, hadi kwa wakala. Na walipomaliza aliwanunulia chai, akaketi nao.